Chupa iliyoandikwa Daudi

Vidonge vilipoanza kuja kijijini kwetu nilikuwa na miaka minne hivi, na ninachokikumbuka si uchungu wake. Ni kujikuna. Waliokunywa klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo, wananielewa. Unameza asubuhi, jua likifika utosini mwili mzima unawasha kwa ndani, mahali ambapo kucha hazifiki. Mama alitusugua migongo kwa gunzi la mahindi. Bibi alisema ni malaria inatoka, tukaamini.

Kwetu ni Rorya, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, si mbali na Shirati. Siku ya vidonge alikuja mzee mmoja wa kijijini na kopo na daftari. Anakuita jina, anakutazama ukimeza, anakwambia fungua mdomo, anaweka alama. Nilikuwa hodari wa kukificha chini ya ulimi mpaka ageuke, kisha nakitemea kwenye majivu ya jikoni. Si kila mara, lakini mara za kutosha.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, tukiwa tunasubiri chai, aliniuliza: "Profesa, uliingiaje kwenye haya mambo ya virusi na saratani?" Nikampa jibu la kwenye wasifu wa kazi: shahada ya udaktari, patholojia, uzamivu, maabara. Akaitikia kwa adabu, akanywa chai yake. Jibu lenyewe ni refu kidogo na linaanzia kwenye yale majivu.

Mwaka 1996 nilikuwa nasoma udaktari Muhimbili. Nilipewa kazi ya kuandika kurasa chache juu ya limfoma ya Burkitt, ile saratani ya watoto inayovimbisha taya. Maktaba ilikuwa na joto, feni moja ilizunguka kwa kulazimishwa, na magazeti ya kitabibu yalikuwa yamefungwa kwa jalada gumu la kijani. Katika toleo la 1989 la jarida moja la Kimarekani la epidemiolojia nikakuta makala kuhusu jaribio la kupunguza malaria ili kuona kama saratani ya Burkitt nayo itapungua. Mahali: North Mara, Tanzania, yaani kule kwetu. Miaka: 1977 hadi 1982. Waliopewa klorokwini: watoto wa chini ya miaka kumi.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Nakuapia, mgongo ulianza kuwasha.

Matokeo yao yalikuwa ya kukatisha tamaa, na waliyaeleza kwa uungwana. Saratani ilipungua kweli miaka ile ya vidonge, ila ilikuwa imeshaanza kupungua kabla ya kidonge cha kwanza kugawiwa. Malaria nayo ilishuka mwanzoni, halafu ikapanda tena mradi ukiendelea. Kwa hiyo waandishi hawakuweza kusema tumethibitisha, wala hawakusema tumekanusha. Mpaka leo, nikifundisha makala ile, najiuliza vidonge vyangu vya majivuni viliingia kwenye hesabu gani.

Lakini hata kabla ya maktaba ile niliujua ugonjwa huo kwa sura. Kwetu karibu kila ukoo uliujua.

Mwaka 1981 mtoto wa baba mdogo, aliyekuwa na miaka sita, alianza kung'oka meno ya nyuma. Wazazi walidhani ni meno ya utoto. Kisha shavu la kushoto likajaa, kama mtu aliyeweka embe kinywani, na kila jumatatu lilikuwa kubwa kuliko jumatatu iliyopita. Jino moja lilitolewa na mtu aliyekuwa anatoa meno gulioni, akisema limeoza mzizi. Halikuwa limeoza. Fizi ilikuwa imesukumwa juu na kitu kilichokuwa kinakua chini yake. Jicho la upande ule lilipoanza kutoka nje ndipo baba mdogo alipombeba kwenye baiskeli hadi hospitali ya Shirati.

Aliwekewa dawa kwenye mshipa, saiklofosfamaidi, nilikuja kujua jina baadaye. Bibi aliyekuwa anamuuguza alisimulia hadi anakufa kwamba uvimbe ulishuka "kama mpira uliotobolewa," siku chache tu. Hakuwa anatia chumvi. Burkitt ni katika saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Kwa kuwa chembe zake, yaani seli, karibu zote ziko kwenye kugawanyika, dawa inayoua chembe zinazogawanyika huzikuta zote ziko shambani. Ndugu yangu alirudi nyumbani bila nywele, bila meno matatu, na taya limepinda kidogo. Mtoto wa kitanda cha jirani hakurudi.

Kijijini walimpa jina la Taya, na mpaka leo ndilo jina lake. Anatengeneza mitumbwi. Ana watoto watano na mdomo mchafu kuliko baharia yeyote wa ziwa lile.

Historia ya ugonjwa huu ni ya huku kwetu, ingawa vitabu huipitisha London haraka haraka. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, Muayalandi mwenye jicho moja. Jingine alilipoteza akiwa mtoto. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote pande zote, na muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Badala ya kusema "ajabu" na kwenda kunywa chai, akaanza kupekua kumbukumbu za wagonjwa na kuulizia hospitali nyingine kwa barua na picha. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari la Ford lililokwishatumika kwa pauni 250 na kuendesha takribani maili 10,000, kutoka Uganda kushuka hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali zaidi ya 50, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza swali moja tu: mnaona watoto wa namna hii?

Jibu lilichora ramani. Palipo na joto na mvua ya kutosha, wapo. Milimani kwenye baridi, hakuna. Yaani ukiiweka ramani ya Burkitt juu ya ramani ya malaria kali, mipaka inakaribia kulaliana. Mwanzoni walifikiri labda kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Mbu alikuwa na hatia kweli, ila si hiyo waliyomshitakia.

Kirusi chenyewe kilipatikana kwa sababu ya ukungu, na hapa ndipo wanafunzi wangu huamka. Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia London mnamo Machi 1961, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili na zaidi hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwenye haraka angesema yameingia bakteria, angemwaga. Epstein akatazama tone moja kwenye hadubini, akakuta chembe hai za saratani zinaelea, zimetikiswa njiani zikaachana na nyama. Wakazilea katika hali hiyo hiyo ya kuelea, zikakua. Februari 1964 hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi cha jamii ya hepesi ndani yake, na Machi makala ikatoka yenye majina matatu: Epstein, Bert Achong wa Trinidad, na Yvonne Barr. Kirusi kinaitwa Epstein-Barr. Achong aliyekuwa kwenye hadubini hakubaki kwenye jina. Nitarudi kwenye habari ya majina.

Basi watu huniuliza: kama ni kirusi, mbona hatuambukizani saratani? Kwa sababu kirusi hiki karibu sote tunacho. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, wengi bila kujua. Kinapita kwa mate. Sisi tulikipata tungali wadogo sana. Bibi yangu alikuwa anatafuna samaki, anatoa miiba kwa ulimi, kisha anatutia kinywani, na simlaumu hata punje, miiba ya furu si mchezo. Ulaya wengi wakikipata ujanani kinawaletea homa na koo kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo kinalala ndani ya chembe nyeupe ziitwazo B, zinazotengeneza kingamwili, maisha yako yote. Kulala tu hakuleti saratani.

Ndipo malaria inapoingia. Chembe B zina tabia moja ya hatari: zinakata na kuunga vinasaba vyake zenyewe, makusudi, ili zipate kingamwili bora. Kazi hiyo ina kimeng'enya chake, tuseme ni mkasi. Mtoto anayeugua malaria msimu hadi msimu, mkasi wake haupumziki. Siku moja unakata pasipotakiwa: kipande cha kromosomu ya 8 kinaungwa kwenye kromosomu ya 14. Kwenye kile kipande kuna jeni iitwayo MYC, inayoiamuru chembe igawanyike, na inatua jirani na jeni ya kingamwili ambayo ndani ya chembe B huwa haizimwi. Ni kama mpiga disko aliyehamisha spika zake akazichomeka kwenye jenereta ya hospitali. Kwa kawaida chembe iliyoharibika namna hiyo hujiua yenyewe, mwili una utaratibu huo. Kirusi kilichomo kinaizuia isife. Yaani malaria inatoa mkasi, kirusi kinatoa uhai, na mtoto analipa.

Ushahidi mwingine kwamba malaria imo ni watoto wenye jeni moja ya selimundu, wale wasiougua ila wamerithi upande mmoja. Jeni hiyo inawakinga na malaria kali. Na katika utafiti mkubwa uliokusanya watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania kuanzia 2010, Shirati yetu ikiwa mojawapo ya vituo, ilionekana inawakinga na Burkitt pia. Kile ambacho vidonge vya Mara vilishindwa kukisema kikasemwa na damu.

Kuna na mnyaa. Wapwani wengine huuita utupa, Wamasai huuita kwa jina lililozaa jina la Ziwa Manyara. Ule mti wa ua, wenye vijiti kama penseli na utomvu mweupe. Utotoni tulikuwa tunachezea utomvu huo, tunatengeneza gundi. Watafiti wameonyesha maabara kwamba utomvu wake unaweza kuviamsha virusi hivi vilivyolala ndani ya chembe. Kama hilo linaleta saratani kwa mtoto wa kweli anayecheza uani ni swali jingine, na mimi siendi kung'oa ua wa mama yangu kwa sababu hiyo. Lakini kila nikipita nautazama kwa jicho la pembeni.

Haya, Stockholm. Nilifika Karolinska, chuo cha udaktari huko Uswidi, mwaka 2003 kwa ajili ya uzamivu, mwezi wa kwanza, na sitaandika juu ya baridi kwa sababu kila Mtanzania aliyeandika juu ya Ulaya ameandika juu ya baridi. Mada yangu haikuwa Burkitt. Ilikuwa sakoma ya Kaposi, ile saratani ya mabaka meusi ya ngozi iliyokuwa imejaa wodini kwetu kwa sababu ya Ukimwi. Moritz Kaposi aliieleza Vienna mwaka 1872 kama ugonjwa wa wazee wachache. Afrika Mashariki ilikuwapo kabla ya Ukimwi, kisha ikalipuka. Mwaka 1994 mke na mume, Yuan Chang na Patrick Moore, walipata kirusi chake, binamu wa Epstein-Barr, tunachokiita HHV-8. Miaka minne nilihesabu kirusi hicho kwenye vipande vya nyama kutoka Dar es Salaam. Kazi ilikuwa ya kweli na ninaiheshimu, lakini kilichowaponya watu wengi zaidi ni dawa za kufubaza VVU zilizoanza kusambazwa nchini 2004, nikiwa bado napiga hesabu. Kinga ikirudi, Kaposi hunywea.

Jambo la Stockholm ninalotaka kulieleza ni la friza.

Wiki yangu ya tatu nilipewa kazi ya wageni wote, kupanga upya chupa ndani ya pipa la naitrojeni. Unavaa glavu nene, unavuta rafu, mvuke unapanda, unasoma vibandiko haraka kabla havijafunikwa na theluji. Raji. Namalwa. Kisha nikavuta chupa ndogo ya plastiki iliyoandikwa kwa herufi kubwa: DAUDI.

Nilisimama nayo. Mwenzangu wa Kiswidi akasema, rudisha upesi, itayeyuka. Nikamuuliza kama anajua hicho ni nini. Akasema ni chembe za Burkitt, nzuri sana, zinatumika dunia nzima. Alilitamka jina kama ni kifupi cha kitu, kama namba ya gari. Nikamwambia, "Hili ni jina la mtu. Huyu ni Daudi." Akacheka kwa aibu. Alikuwa ameifanyia kazi Daudi miaka sita.

Miaka ya 1960 madaktari wa Nairobi walikuwa wanawapelekea George na Eva Klein, watafiti wa saratani hapo hapo Stockholm, vipande vya uvimbe wa wagonjwa wao. Chembe zilizotokana na Daudi, kijana wa miaka 16, zilianza kukuzwa 1967. Zinakosa protini moja ndogo, beta-2 maikroglobulini, hivyo haziwezi kuonyesha juu ya ngozi yake zile alama ambazo askari wa kinga huzikagua. Kwa sababu ya upungufu huo mmoja zimekuwa hazina kwa watu wa somo la kinga. Namalwa alikuwa mtoto wa Kenya. Chembe zake zilikuja kutumika viwandani kutengeneza kwa wingi dawa iitwayo interferoni. Raji alikuwa mvulana wa Nigeria wa miaka 11. Watoto wenyewe hatusikii habari zao, na chembe zao bado zinagawanyika katika maabara ambazo hawangeruhusiwa kuingia mlangoni.

Sikulia wala nini, nilikuwa na glavu. Ila tangu siku ile nimekuwa na ugomvi wa kudumu na vibandiko. Katika maabara yangu sampuli ina namba, kwa sababu siri ya mgonjwa ni lazima. Lakini kwenye daftari lililofungiwa kabatini jina lipo, kijiji kipo, na simu ya mama ipo. Wanafunzi wananiona msumbufu.

Nilirudi Mwanza 2008 nikiwa na cheti na mipango mikubwa. Nilitaka kusoma mpangilio wa jeni za kila uvimbe wa kanda ya ziwa. Nilitaka makala kwenye jarida ambalo hata jirani angelisikia.

Mwaka wangu wa pili ilikuja sampuli ya mtoto wa miaka saba kutoka Ukerewe. Kipande kilikuwa kimekatwa Jumatatu, kikasafiri kwa boti na basi ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na aliyekifunga alikosa fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, akatia pombe kali. Kikangoja mashine ya kuzamisha nta, iliyokuwa mbovu. Kisha kikangoja umeme. Siku ya kumi na tisa niliandika kwa mkono wangu: limfoma ya Burkitt. Nilikuwa nimeridhika, rangi zilikuwa zimekolea vizuri. Nikapiga simu ya mama yake, ikapokelewa na mwanamume, mjomba.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Naomba mama wa mtoto, majibu yametoka."

Akanyamaza kidogo. "Tulishamzika, daktari. Jumanne."

Rudia ile hesabu niliyotoa juu: uvimbe unaoongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Halafu weka siku kumi na tisa.

Ile mipango ya jeni niliiweka kando, si kwa hasira, kwa aibu. Miaka mingi iliyofuata nimeitumia kwenye jambo ambalo wenzangu wa Ulaya wasingeliita utafiti: kupunguza siku. Unachoma uvimbe kwa sindano nyembamba, au unagusisha kipande kibichi kwenye kioo kabla ya kukitumbukiza kwenye fomalini. Unakianika. Unakipaka Giemsa, rangi ile ile iliyopo kila zahanati kwa ajili ya kutafuta malaria. Chembe za Burkitt zinajitokeza za mviringo, ute wake wa ndani wa buluu iliyokolea, na ndani vitobo vyeupe vidogo kama sponji. Jicho lililozoea linaona ndani ya saa moja. Daktari wa watoto anaanza dawa kesho yake. Kipimo cha uhakika, kile kinachotafuta vipande vya RNA ya kirusi ambavyo kila chembe ya uvimbe hutoa kwa mamilioni, kinakuja baadaye, kikichelewa hakiui mtu.

Kuwafundisha watu wa maabara kwenye hospitali za wilaya kusoma kioo hicho kulinichukua muda kuliko uzamivu. Bora ya wote alikuwa mzee mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliyesoma malaria maisha yake yote. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, haya madude nimeyaona miaka thelathini, sikujua nimwambie nani."

Vikwazo sitavipanga vyote. Mara moja umeme ulikatika wikiendi ndefu, mlinzi mgeni hakujua swichi ya jenereta, na sampuli za miaka minne zikayeyuka. Jumanne asubuhi maabara ilinuka kama soko la samaki. Mara nyingine mradi mmoja mkubwa ulichukua sampuli zetu nje, na makala ilipotoka nikakuta kituo chetu kimeshukuriwa mwishoni, chini ya kampuni iliyosafirisha barafu. Nilimkumbuka Achong. Niliandika barua ya kurasa tatu, nikaifuta, nikaandika ya mistari minne, nikaituma. Haikujibiwa. Siku hizi mkataba unasainiwa kabla chupa haijatoka mlangoni.

Nisiache kutaja saratani ya shingo ya kizazi, maana ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania na ndiyo yenye jibu tayari. Harald zur Hausen alipata Nobel 2008 kwa kuonyesha kwamba virusi vya HPV ndivyo chanzo. Aina mbili tu, 16 na 18, zinabeba takribani asilimia 70 ya wagonjwa. Chanjo ipo. Tulianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu shemeji mmoja alituma sauti ya dakika saba akisema inafunga uzazi. Nikamjibu kwa sauti ya sekunde kumi: wa kwangu wamechanjwa wote wawili, njoo Jumapili uwaulize. Hakuja, lakini binti yake alichanjwa. Mke wake ndiye aliyenitonya.

Mwezi uliopita Taya alikuja Mwanza kununua misumari na mbao. Akalala kwangu, asubuhi akasema anataka kuona "huko unakokula mishahara." Nikampeleka. Alikataa koti jeupe, akasema yeye si muuza nyama. Nikamkalisha kwenye hadubini ya kufundishia, nikaweka slaidi ya Burkitt iliyokatwa vizuri, na kumwambia, huyu ndiye aliyekupinda taya.

Vitabu vinasema sura yake ni anga yenye nyota. Chembe za saratani zimejazana, nyeusi tupu, na kati yake zimetawanyika chembe kubwa nyeupe zinazomeza maiti za zilizokufa. Nilimfundishia hivyo kila mtu kwa miaka ishirini. Taya alitazama kimya kwa muda ambao sijawahi kumwona kimya.

"Hizi ni karabai," akasema.

"Nini?"

"Karabai. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa katikati ya ziwa. Ukisimama kule mlimani kwetu unaona hivi hivi." Akasogeza jicho. "Sasa ugonjwa ni zile taa?"

"Hapana. Taa ni wafagiaji. Ugonjwa ni kule kweusi."

"Kote huku?"

"Kote."

Akabaki ameinama. Kwenye paji la uso nilimwona yule mtoto wa miaka sita, halafu akajinyoosha, akasugua taya kwa kiganja kama anavyofanya akipigwa na baridi ya ziwa.

"Na wewe vidonge vyako ulikuwa unatema," akasema. "Nilikuwa nakuona. Mimi nilimeza vyote."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Nikazima taa ya hadubini, nikamuuliza kama atakula kantini au tutafute sato mjini. Akasema sato, na kwamba nitalipa mimi.